Picha Zetu Ziko Juu

Wiki iliyopita simu yangu ilinitumia ujumbe kwamba ile huduma ninayohifadhia picha za watoto inabadilisha masharti yake, nisome, halafu nibonyeze kukubali. Sikusoma wala sikubonyeza. Nilivaa viatu, nikatia chaja kwenye mkoba, nikatoka Kanyosha mpaka mjini, mtaa wa Asiatique, kutafuta mtu wa kunichapishia picha zote kwenye karatasi. Zote, hata zile za sahani ya ugali ambazo binti yangu hupiga bila sababu inayoeleweka. Kijana wa dukani alinitazama kwa huruma, jinsi vijana wanavyotutazama siku hizi. "Mama, ya nini kuharibu makaratasi? Si ziko juu? Ziko salama." Akaonyesha dari kwa kidole.

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilijizuia kwa sababu wakati ninaouzungumzia kijana mwenyewe hakuwa hata amezaliwa, na nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri zamu yao. Lakini kidole kile ninakijua, rafiki yangu. Nilikiona mara ya kwanza ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, pale ambapo leo wanauza ndoo za plastiki, na mpaka leo sijakisamehe. Kaa nikueleze, maana nikibaki na jambo hili peke yangu kichwa kitaniuma tena.

Sisi asili yetu ni watu wa Cibitoke, upande wa kaskazini wa mji. Vita vilipoingia mitaani na watu wakaanza kutengwa, hawa huku na wale kule, tulihama na kilichobebeka, tukaja kuishi Kanyosha, kusini, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na shamba la muhogo. Safari yenyewe siikumbuki. Mama yangu alikuwa amefariki kwa homa muda mfupi kabla, na baba alikuwa ameondoka zamani, habari zake si za leo. Kwa hiyo nilikuwa mgongoni kwa bibi, na kifuani, chini ya kitenge, bibi alikuwa amejifunga albamu ya picha. Wenzake walikimbia na magodoro, na sufuria, na vyerehani. Kila aliposimulia safari ile alisema aliokoa vitu viwili, albamu na mutoto, na sikuwahi kumsikia akianza na mtoto.

Wewe unajua jinsi mgeni anavyopokewa kwetu. Akiingia tu, kabla hata maji hayajachemka, anapewa albamu. Wewe unaenda jikoni, unapepea makaa, unachambua mchele, unakaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese mpaka harufu inakaa kwenye nywele siku nzima, na mgeni anabaki sebuleni anafungua kurasa taratibu. Ukirudi na sinia ameshajua ukoo mzima, nani aliolewa na nani, nani alinenepa. Na akimaliza, kwa adabu ya kwetu, anachagua moja anaomba: "Hii munipe, ikuwe souvenir." Ukikataa, umeonyesha uchoyo.

Bibi alikataa. Aliwakataa watu wazima na heshima zao. Palikuwa na jirani yetu mmoja, mjane, aliyekimbia Cibitoke pamoja nasi. Huyo aliomba picha ya arusi ambayo marehemu mume wake alionekana nyuma kabisa, amebeba kreti ya Fanta, nusu ya uso imefichwa na kofia ya mtu. Hakuwa na nyingine. Bibi alimwambia aje kuitazama siku yoyote anayotaka, hata kila siku chai atapata, ila picha haitoki nyumbani. Mjane alinuna mpaka Pasaka. Mtaani wakasema bibi yule albamu yake ina kufuli.

Mimi nilifurahia kufuli hilo, kwa sababu ya ukurasa wa mwisho. Pale palikuwa na mama yangu. Amesimama mlangoni Cibitoke, amevaa gauni la maua, ameinamisha kichwa kidogo, anataka kucheka na anajizuia. Pembeni chini kabisa unaona mkono wa mtoto umeshika upindo wa gauni. Mkono tu. Mpiga picha, sijui alikuwa anaangalia wapi, mtoto mwenyewe alimwacha nje. Mkono ule ni wangu. Ndiyo picha pekee ya mama iliyokuwa imebaki duniani, na mimi ndani yake nilikuwa vidole. Karatasi ilikuwa imepauka. Bibi alisema gauni lile lilikuwa bluu, akalisema hivyo kila mara, nami nikaamini, maana ndiye aliyelifua.

Basi, vita vikiwa bado vinaendelea lakini vimeanza kuchoka, intaneti ikaingia mjini. Bibi alikuwa anauza lengalenga na nyanya sokoni, na mmoja wa wateja wake alikuwa Muislamu mmoja wa mjini, mtoto wa ukoo wa wauza vitambaa wa Asiatique, mtu wa kofia safi na maneno ya upole. Huyu alikuwa amefungua sibe, ndivyo tulivyoliita duka la intaneti. Kompyuta zake alizifunika kwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono ili vumbi lisiingie, na alikuwa na mashine ya kunakili picha kutoka karatasi mpaka kioo. Tena alikuwa amejiunga na tovuti moja ambayo watu wa dunia nzima walikuwa wanaweka picha zao, wanaandikiana maneno chini yake, wanapeana nyota. Hakuna kulipa. Hapo tu tungepaswa kushtuka, maana katika mji ule hata maji ya kunawa hukupewa bure.

"Mama, lete albamu yako," akamwambia bibi. "Mi nitakuwekea zote."

"Utaziweka wapi?"

Hapo ndipo nilipokiona kidole. Kilienda juu, kikapita dari, kikapita mabati. "Kule juu. Hakuna mutu anafika."

Bibi aliuliza maswali ya mtu aliyekimbia. Askari wanaingia huko? Apana. Moto je? Apana. Na we ukikimbia? Nikikimbia zinabaki. Na sibe ikiungua? "Sibe iungue hata leo, mama, picha ziko juu." Swali la nani mwenye nyumba huko juu hakuliuliza, na nani angemfundisha kuliuliza? Kwa maisha yetu vitu viliharibiwa na watu waliokuja kwa miguu. Mahali pasipofikika kwa miguu palikuwa salama, ndivyo akili zetu zilivyokuwa. Usiku ule bibi alisema padri naye amekuwa akituonyesha juu miaka yote, lakini huyu wa kofia angalau ameonyesha na kitu chenyewe kwenye kioo.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi, bibi akishamaliza mboga zake. Ninakumbuka ule ubaridi wa feni, harufu ya karanga alizokuwa anauza mama mmoja mlangoni, na sauti ya jenereta umeme ulipokatika, yaani karibu kila mara. Picha ilikuwa inafunguka kutoka juu kwenda chini, polepole. Kwanza paa la nyumba ya Cibitoke, halafu kichwa cha mama, halafu macho. Nilikuwa nasubiri vidole vyangu vije mwisho. Mara nyingine umeme uliondoka kabla ya kufika kiunoni, na hasira niliyoipata hapo ninaweza kuionja hata sasa.

Halafu watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyekuwa anaishi nyuma ya nyumba yetu Cibitoke, sasa yuko Kanada. Aliandika: "Huyo si mama wa kwaya? Bado yuko hai?" Bibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwandikie niko hai. Na blanketi yake ndiyo nilibebea mutoto, ninayo." Mwenye sibe akafungua kikundi cha avenyu yetu ya zamani, na kila Jumamosi tulikuta majina mapya, wa Ubelgiji, wa Nairobi, hata wa pale pale Cibitoke ambao wasingeweza kukanyaga Kanyosha. Watu ambao mjini wangebadili njia wasikutane, chini ya picha ya arusi walisalimiana, wakaulizana watoto, wakapeana pole za misiba ambayo hawakuweza kuhudhuria. Mtu akipata habari ya kifo alichokuwa hakijui, alikuwa analia pale pale kwenye kiti cha sibe, na mwenye sibe akazima sauti ya kompyuta kwa heshima.

Wazungu nao walikuja, wakanitia wazimu. Siku moja baada ya risasi kupita Kanyosha, yule mwenye sibe alikuja kutupa pole, na kabla ya kunywa chai alipiga picha jikoni kwetu, jua likiingia kwenye matundu ya mabati, moshi wa makaa ukionekana ndani ya ile miale. Akaiweka juu. Nyota zikamiminika. Mmoja aliandika kwamba mwanga ni wa ajabu, mwingine akauliza tumetumia taa gani. Mwenye sibe akatafsiri. Bibi akasema, "Wanasifu matundu? Waambie mvua ikinyesha tunaweka masufuria." Mwenye sibe akaandika hivyo hivyo, na yule mzungu akajibu kwa kichwa cha duara kinachocheka. Nilikuwa mtoto lakini nilijua ninachokitazama hakinichekeshi.

Ila mmoja wao, mwanamke wa nchi ya baridi, alisimama kwenye picha ya mama yangu. Aliandika kwamba dada huyu yuko karibu kucheka, na kwamba kijani cha gauni lake ni kizuri sana. Bibi alikasirika. Kijani? Bluu. Lakini kwenye kioo, kwa kweli, lilikuwa kijani. Mwenye sibe alisema mashine inaweza kubadilisha rangi kidogo, au karatasi ndiyo imebadilika, na bibi akasema hata wabadilishe mashine mara ngapi, yeye ndiye aliyeshika sabuni. Tulicheka wote. Ilikuwa Jumamosi nzuri.

Ubaya ulikuja kwa sura ya ukarimu. Bibi alipoona picha ziko juu, tena zimepata na watu wa kuzisalimia, alifungua kufuli. Alimwita mjane, akatoa ile ya kreti ya Fanta kwenye zile pembe nne za gundi zilizoishikilia, akampa kwa mikono miwili. Mjane alipiga magoti. Habari ikatembea Kanyosha yote, na wageni wakaanza kuja hata wasiokuwa wageni. Kila aliyeonekana kwenye picha alipewa picha. Aliyefiwa akapewa marehemu wake. Bibi aliyekuwa mchoyo wa mtaa akawa mama wa watu, wakamtungia mpaka wimbo kwenye kwaya, na wimbo wenyewe ulikuwa mbaya. Alinenepa kwa furaha, sikufichi. Miaka yote ile alikuwa anaona haya kukataa, na mimi sikuwa nimejua.

Ukabaki ukurasa wa mwisho. Kaka yake mama, mjomba wangu, akapata safari ya Ubelgiji. Alikuja kuaga, akala ndagala, akapewa albamu ambayo sasa ilikuwa karibu tupu, akafika mwisho. Halafu akasema, "Mama, dada yangu mi niende naye."

"Apana," nikasema mimi, kabla bibi hajafungua mdomo.

Mtoto hasemi hivyo mbele ya mjomba. Bibi alinitolea macho. Lakini nilikuwa na hoja, na mpaka leo sijaona aliyeijibu. Nilisema mjomba anakwenda ambako kila nyumba ina kompyuta na umeme haukatiki, yeye ndiye amtazame kule juu. Sisi tunaokaa na mishumaa tubaki na karatasi. Niliisema yote.

Mjomba alitabasamu, akanishika kichwa. "Mutoto ana akili huyu." Basi, hayo ndiyo majibu niliyopata. Bibi akasema, "We unamuona kila Jumamosi. Yeye anaenda kwa watu wasiomujua, aende hata na dada yake." Akalowesha kidole, akaitoa picha. Mjomba akaitia ndani ya Biblia, Biblia ndani ya begi, na begi likaenda. Nilikwenda kulala bila kula na hakuna aliyenibembeleza.

Miezi haikupita mingi. Palitokea majuma ambayo hatukuweza kwenda mjini, barabara ikifungwa leo, umeme wa Asiatique ukikosekana kesho, jenereta ya sibe ikafa. Tuliporudi, bibi amebeba na fungu la lengalenga kama zawadi, mwenye sibe hakusimama kutupokea. Alituwekea viti. Akafungua kioo. Hakukuwa na paa la Cibitoke, hakukuwa na arusi, wala watu wa Kanada. Palikuwa na ukurasa mweupe na maneno machache ya Kiingereza katikati. Alitusomea: tovuti imefungwa, wanatushukuru kwa kumbukumbu nzuri tulizoshiriki nao.

Wanatushukuru. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii na bado linanikera. Walikuwa wametangaza, ndiyo, alikiri mwenye sibe. Walituma barua kwenye anwani ya kikundi, kwa Kiingereza, wakasema kila mtu achukue picha zake kabla ya tarehe fulani. Lakini anwani ile ilikuwa inapokea matangazo ya viatu na dawa, hakuna aliyekuwa anaifungua. Na hata angeifungua, azichukue apeleke wapi? Kompyuta zake zilikuwa za kazi ya mjini, kila zilipojaa alikuwa anazifuta. Yeye naye alikuwa ameamini kidole chake mwenyewe.

Bibi aliuliza, "Nani amechoma?"

"Hakuna aliyechoma, mama. Wamefunga."

"Kwa nini?"

"Walikuwa hawapati faida."

Akamwachia lengalenga zake, tukaondoka. Kwenye njia ya kurudi alisema tu kwamba heri wangechoma, kwa maana anayechoma unamjua.

Nilianza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba zile karatasi, angalau tuzione. Kwa mjane, ile ya Fanta ilikuwa imelowa kwenye mvua, mume ameyeyuka. Nyumba nyingine mtoto ameichora masharubu. Wengine walikuwa wamehama na picha ikabaki ukutani kwa watu wasiojulikana. Na kila mmoja, nakuapia, alinipa jibu lile lile kwa uso wa mshangao: "Si iko kule juu? Mi nilijua iko kule juu." Karatasi tuliyokuwa tunaifunga kifuani wakati wa risasi, walikuwa wameiacha dirishani kwa sababu iko juu. Nikamtumainia mjomba. Simu ilipopatikana, alisema begi lilipotea kwenye kubadilisha ndege, hakulifuatilia sana, nguo zenyewe zilikuwa kuukuu. "Na mama?" nikauliza. Akasema hakuwa na wasiwasi, alijua yuko juu.

Vita vikaisha. Watu walicheza barabarani, na mimi nilicheza, lakini nyumbani nilikuwa sifurahi, kwa sababu bibi hakuiacha desturi yake. Mgeni akiingia, alimpa ile albamu. Tupu. Pembe nne nne zimebaki kwenye kila ukurasa, na katikati mstatili wa karatasi usiopauka. Akakaa karibu na mgeni, akasoma: hapa ni arusi, huyu ni mwenye kreti, huyu ni mama wa mutoto huyu. Na wageni, kwa adabu zao, wakatazama ule mstatili, wakaniangalia, wakasema, "Kwa kweli wanafanana." Nilikuwa natoka nje kwenda kupasua kuni zisizohitajika. Nilimwambia bibi anatuaibisha. Alinijibu kwamba mgeni hakai bure.

Sasa bibi hayupo, na albamu ninayo mimi.

Basi siku ile ya wiki iliyopita, nayo ilikuwa Jumamosi, nilirudi kutoka Asiatique na bahasha nzito ya picha. Binti yangu akazimwaga mezani, akaanza kuzipanga kwenye albamu ya bibi, akizipachika kwenye zile pembe za zamani, na nyingi zilikaa vizuri tu. Watoto shuleni, watoto ziwani, sahani ya ugali. Alipofika ukurasa wa mwisho mkono wangu ulimzuia kabla sijafikiri.

"Apana. Hapo kuna mutu."

Aliinama akautazama ule mstatili kwa makini. Akauliza ni nani. Nikamwambia: mama yangu, amesimama mlangoni, anataka kucheka anajizuia, na hapa chini ni mkono wangu. Nilishangaa jinsi sauti ilivyotoka, ilikuwa ya bibi kabisa. Akauliza amevaa nini. Nikasema gauni la maua.

"Rangi gani?"

Nikasema bluu. Halafu nikasema, apana, kijani. Halafu nikajaribu kumfungua kama zamani, kutoka juu kwenda chini, paa, kichwa, macho, na kila nilipofika kwenye macho umeme ulikatika.

Binti yangu aliweka chini picha aliyokuwa ameshika. "Kwani, mama, we hukuwahi kumuona?"

"Nilimuona," nikamwambia. "Kila Jumamosi."